Kwa wanaohamia Ubuntu (mfumo wa Linux) kutoka Windows: kabla ya Jumamosi

Wanakikundi, habari za jioni. Kabla hatujakutana, fungueni terminali (dirisha la kuandikia amri) kwa Ctrl+Alt+T mzoee haya machache.

Kuona orodha ya faili, "dir" bado inafanya kazi, ila wengi hutumia "ls". Angalieni "cd", amri ya kuhamia folda nyingine: kwenye Command Prompt ya Windows ukiiandika peke yake inakuonyesha folda uliyomo, kwenye Ubuntu inakurudisha kwenye folda yako ya nyumbani. Kujua ulipo, andika "pwd". Njia za faili zinatumia /, si \, na hakuna D: wala E:. Flashi utaikuta ndani ya /media, chini ya jina lako la mtumiaji.

Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Ripoti.txt na ripoti.txt zinakaa folda moja bila kugombana, na hapo ndipo "No such file or directory" nyingi zinapotokea. Andika herufi mbili tatu za jina, bonyeza Tab, litajikamilisha lenyewe.

Hatari iko kwa "cp" (kunakili), "mv" (kuhamisha au kubadili jina) na "rm" (kufuta). Mbili za kwanza, zikikuta faili yenye jina lilelile kule unakopeleka, huandika juu yake bila kuuliza. Nayo "rm" haipiti kwenye pipa la taka. Ongezeni -i, mfano "cp -i ripoti.txt /tmp", iwaulize kwanza.

Kunakili maandishi ndani ya terminali ni Ctrl+Shift+C. Ctrl+C tupu inakatisha programu inayoendelea.

Mkitumia "sudo" (kuendesha amri kama msimamizi), neno la siri halionekani mkiliandika, na kwenye matoleo mengi ya Ubuntu hata nyota hamna. Kibodi ni nzima jamani, andikeni tu kisha Enter.