Mche wako wa masdevalia haukuuawa na baridi

Picha tunazotumiwa na wateja zinafanana mno. Mche wa okidi iitwayo Masdevallia veitchiana ulioondoka kwetu na majani matano umebaki na mawili, na moja limeshaanza kugeuka njano shinani. Maelezo nayo ni yaleyale: "Namwagilia vizuri, na nimeuweka ndani usipigwe na baridi." Hapo kwenye baridi ndipo penye kosa.

Okidi hii ni ya milima ya Andes nchini Peru, hadi kwenye miteremko ya Machu Picchu. Huota kwenye miamba na katikati ya nyasi ndefu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linaipata. Usiku ukungu unatanda na baridi inauma. Ua lake la rangi ya chungwa, lenye vinyweleo vya zambarau vinavyometameta, huitwa waqanki kwa Kiquechua, lugha ya wenyeji wa Andes, maana yake "utalia". Wauza miche hatukuhusika na jina hilo.

Mchana jani hutengeneza sukari. Usiku mmea unaendelea kupumua na kuila sukari hiyo, na joto likizidi, nao unazidi kula. Mchana ukiwa na nyuzi 22 na usiku 11 au 12, kunabaki akiba ya kuchipua jani jipya. Usiku ukibaki nyuzi 22, mmea unakula mtaji. Okidi nyingine zina mashina yaliyovimba ya kuwekea maji na chakula. Masdevalia haina, na mizizi yake ni myembamba kama uzi. Mche mchanga ndio hauna pa kukopa kabisa.

Wanaonunua miche ikiwa bado chupani wana kazi ya ziada. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake. Porini hulishwa na kuvu. Tangu Lewis Knudson alipoonyesha mwaka 1922 kwamba sukari inatosha kuiotesha bila kuvu, sisi tunaiotesha chupani kwenye agari, yaani jeli ya mwani, iliyotiwa sukari. Kwa hiyo mche wa chupani haujawahi kuonja hewa kavu. Osha jeli yote kwa maji ya kawaida. Mizizi ikiteleza vidoleni, bado. Kipande kikibaki, ukungu utakianza kesho yake. Panda michache pamoja kwenye kuvumwani laini (mimea midogo kama sifongo inayoshika maji), funika kwa kifuniko kinachopitisha mwanga, kisha kila baada ya siku chache kiachie wazi kidogo zaidi. Feni ndogo isaidie hewa kutembea. Tumia maji ya mvua, na mbolea robo tu ya kipimo cha kwenye pakiti, la sivyo ncha za majani zitakuwa nyeusi. Maua? Subiri miaka miwili au mitatu.

Siku hizi, kabla ya kukuuzia, tunakuomba uweke kipimajoto kwa wiki moja pale mche utakapokaa, kisha ututumie kiwango cha chini cha kila usiku. Kisiposhuka chini ya nyuzi 16, hatukuuzii huu. Tutakutafutia okidi nyingine inayovumilia joto. Tumepoteza mauzo kwa sheria hii, lakini picha za majani ya njano zimepungua.

Na kama wako umeshabaki na jani moja, usiuhamishie chungu kingine leo. Uhamishie penye baridi, ufukue kuvumwani kidogo pembeni, kisha utupigie picha ya mizizi. Jani tumeshaliona.