Baba, na huku mujibu wa sheria umerudi

Kassel, Ujerumani
15 Februari 2026

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Mama, na kwamba ule mguu umepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo bado haijatuachia. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu wewe huanza kucheka kabla sijafika katikati, kisha nami hucheka, mazungumzo yakaishia hapo.

Mwezi uliopita mjukuu wako alitimiza miaka 18, na siku chache baadaye akapokea barua ya kwanza ya serikali iliyoandikwa jina lake peke yake. Ilitoka jeshini. Ndani mlikuwa na maelezo, pamoja na msimbo wa kupiga picha kwa simu ili ufungue fomu ya maswali: urefu, uzito, elimu, hali ya afya, na kama una hamu ya kutumikia jeshi. Kwa kijana wa kiume mwenye uraia wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 2008 au baadaye, kuijaza ni lazima na asiyeijaza anaweza kutozwa faini. Kwa msichana ni hiari. Kutumikia kwenyewe, wanasema, ni hiari kwa wote, kwa sasa. Hilo "kwa sasa" ndilo lililonishikisha kalamu.

Wewe ulikwenda kambi ya Makutupora ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaani kwa lazima, na tangu utotoni ulitueleza jinsi kule kambini watu wa mujibu na watu wa kujitolea walivyokuwa makundi mawili, kila mtu akijua kilichomleta. Wajerumani wameyatia makundi hayo mawili katika fomu moja. Unaulizwa kama unataka, lakini kuulizwa huwezi kukataa. Kuanzia katikati ya mwaka 2027 vijana wote wa kiume wanaofikia umri huo watapimwa afya kwa lazima, wawe wanataka au hawataki. Wakijitokeza wachache mno, Bunge linaweza kupitisha sheria nyingine ya kuwaita, na ikibidi kuchaguana, kura ya bahati nasibu imeruhusiwa. Mwezi Oktoba mwaka jana vyama vya serikali viligombana hadharani juu ya hiyo bahati nasibu, na darasani kwa mjukuu wako wakapata mzaha uliowatosha hadi Krismasi: aliyesahau kazi ya nyumbani alimwambia mwalimu kwamba namba yake haikutoka.

Nikueleze kidogo walikotoka, maana huko nyumbani watu hudhani Mjerumani amekuwa na jeshi la lazima siku zote. Baada ya vita ile kubwa walikaa miaka kumi bila jeshi lolote, kisha upande wa Magharibi wakaanzisha utumishi wa lazima mwaka 1956. Muda ulipanda hadi miezi 18, ukawa unashuka, Ukuta wa Berlin ulipoanguka na kila bajeti ilipobana, mpaka ukafika miezi sita, na mwaka 2011 wakausimamisha. Hawakuufuta. Katiba yao bado inasema wanaume waliotimiza miaka 18 wanaweza kuitwa, na Katiba hiyohiyo inasema hakuna atakayelazimishwa kushika silaha kinyume cha dhamiri yake. Ofisi za kuandikisha makuruta zikafungwa, kambi nyingi zikauzwa zikageuzwa nyumba za kupanga. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine mwaka 2022, na Waziri wa Ulinzi, Boris Pistorius, akaanza kuhesabu: ana askari kama 184,000, anataka 260,000 ifikapo katikati ya miaka ya 2030, tena na askari wa akiba 200,000 nyuma yao. Bunge likapitisha sheria tarehe 5 Desemba 2025, kura 323 dhidi ya 272, ikaanza kutumika tarehe mosi Januari.

Basi Baba, tangu hapo sijasikia mtu akilizungumzia jambo hili bila kubeza. Nilitarajia hasira, nilitarajia woga, na vyote vipo kidogo. Lakini kinachotawala ni kejeli. Anayejitolea anaahidiwa euro kama 2,600 kwa mwezi kabla ya kodi, na akikubali kukaa mwaka mzima au zaidi husaidiwa kulipia leseni ya udereva, ambayo huku inaweza kuzidi euro 3,000. Vijana wanasema hatimaye bei ya damu imetangazwa, nayo ni leseni ya gari ambalo hawatakuwa na fedha ya kulinunua. Mtu akitaja upungufu wa vifaa, lazima atokee mwingine wa kukumbusha lile zoezi la mwaka 2014 kule Norway, ambapo askari wa Kijerumani walikosa mitutu ya bunduki za rashasha kwenye magari yao wakachomeka mpini wa ufagio uliopakwa rangi nyeusi. Hadithi hiyo ina umri wa miaka kumi na zaidi, na bado inasimuliwa kama ya juzi. Wengine wanasema adui akija kwa treni hakuna haja ya jeshi, atachelewa.

Nami nilicheka, sitakuficha. Nimeishi hapa miaka ishirini, na moja ya starehe za mgeni ni kuwacheka wenyeji wanapoicheka serikali yao, kwa kuwa hasara si yako. Ile barua ilipoanguka kwenye sanduku la posta ikiwa na jina la ukoo wetu, ukoo wako Baba, starehe hiyo iliisha. Nikaanza kusikiliza vizuri zaidi nani anabeza nini.

Vijana kwanza. Tarehe hiyohiyo 5 Desemba, siku ile Bunge lilipopitisha sheria ya jeshi, lilipitisha pia sheria ya kulinda kiwango cha pensheni za wazee hadi mwaka 2031, ambayo kodi za hao vijana ndizo zitakazobeba mzigo wake. Labda ilikuwa ratiba tu. Lakini huwezi kumwambia mtoto wa miaka 17, aliyefungiwa nyumbani wakati wa korona ili wazee wasiambukizwe, na anayejua kwamba akienda kusoma mjini hatapata chumba cha kupanga, kwamba ni ratiba tu. Siku hiyo wanafunzi waligoma katika miji mingi, wakatoka madarasani kwenda barabarani na mabango. Mjukuu wako alikwenda. Alirudi jioni amelowa, akaniambia kilichomuudhi zaidi ni mtu mzima mmoja aliyesimama kando ya njia akiwapigia makofi, kana kwamba ni watoto wa chekechea wameimba.

Kejeli ya wazee ndiyo iliyonikera. Wakati wa Krismasi tulialikwa kwa shemeji yangu, yule kaka wa mke wangu uliyemwona kwenye picha za harusi. Baada ya kula akaanza kusema kwamba vijana wa leo ni laini, kwamba miezi michache ya kuamshwa alfajiri na kupiga kwata ingewanyoosha, na kwamba yeye hana imani kama hata jeshi lenyewe litaweza kuwapatia buti. Alikuwa akiwabeza watoto na jeshi kwa pumzi moja. Sasa, mtu huyu mwaka 1986, alipokaribia kuitwa, alifungasha begi akahamia Berlin Magharibi, kwa sababu mji ule ulikuwa chini ya mataifa yaliyoshinda vita na wakazi wake hawakuitwa jeshini. Maelfu walifanya hivyo, wala si siri. Yeye mwenyewe huisimulia kama ushujaa wa ujanani. Mjukuu wako alimsikiliza mpaka mwisho, akameza keki yake, kisha akamuuliza kwa adabu kabisa: "Mjomba, kule Berlin bado kuna nafasi?" Mke wangu alicheka hadi akatoka mezani. Shemeji hakucheka.

Kazini kwangu mambo ni tofauti. Unajua natunza wazee, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza kwamba kazi hii niliipata kwa mlango uliofunguliwa na jambo hilihili. Zamani kijana aliyekataa silaha kwa dhamiri alipewa utumishi wa kiraia, na wengi walipelekwa hospitali na nyumba za wazee kama hii yetu: kulisha, kuogesha, kusukuma viti vya magurudumu. Jeshi la lazima liliposimamishwa mwaka 2011, na wao wakatoweka. Mimi niliajiriwa mwaka uliofuata. Wauguzi wakongwe bado huwataja wale vijana wa utumishi kama watu wanavyotaja mvua za zamani. Wanasema sasa, nusu utani, kwamba wakirudi sisi wa kutoka mbali tutarudishwa makwetu.

Yuko mwenzetu mmoja, mama kutoka Ukraine. Kwao wanaume wa kati ya miaka 18 na 60 walizuiwa kutoka nchini tangu vita vilipoanza, na ilikuwa Agosti mwaka jana tu waliporuhusu wale wa hadi miaka 22. Mwanawe alikuja Septemba. Utani wa mpini wa ufagio unapoanza chumba cha chai, yeye hukusanya vikombe, hata ambavyo havijaisha chai.

Na yuko mzee mmoja ninayemhudumia asubuhi, aliyezaliwa mwaka 1928. Jioni ile kura ilipotangazwa kwenye televisheni nilikuwa zamu, nikamkata kucha huku taarifa ikiendelea. Akauliza mwanangu ana miaka mingapi. Nikamwambia. Kimya. Kisha akanieleza kwamba yeye aliitwa akiwa na miaka 15, darasa lao zima, kuhudumia mizinga ya kutungua ndege. Usiku walirusha makombora, na asubuhi mwalimu wa Kilatini aliwafuata palepale kwenye mizinga kuwafundisha, kwa kuwa sheria ilisema wao bado ni wanafunzi. Nikangoja aniambie waliokufa. Mji huu, Baba, usiku mmoja wa Oktoba mwaka 1943 uliteketea na watu kama 10,000. Yeye akasema tu kwamba mwalimu yule alimpa alama mbaya, na kwamba haikuwa haki, maana hakuwa amelala. Akatoa mkono wa pili nimalizie kucha.

Nimefikiria sana juu ya marehemu Baba Mkubwa siku hizi. Yeye alikuwa miongoni mwa wale wanafunzi wa Chuo Kikuu walioandamana tarehe 22 Oktoba 1966 kupinga kwenda JKT, na hasa kupinga kukatwa asilimia 60 ya mshahara katika miezi 18 baada ya kutoka kambini. Ulituambia baadhi yao walibeba bango lililosema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu Nyerere akakasirika, akawafukuza karibu wanafunzi 400, lakini siku hiyohiyo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wewe ulikwenda kambini baadaye bila kunung'unika, na kila mara mlipobishana kuhusu hilo ulimalizia na huo mshahara wa Mwalimu, naye Baba Mkubwa hukosa la kujibu, ingawa mwaka wake wa masomo haukurudi. Ndicho ninachokitafuta hapa na sijakiona. Hakuna mkubwa aliyejikata chochote. Wangefanya hivyo hata kwa maonyesho tu, nadhani nusu ya utani huu ungekosa pa kusimama.

Nusu nyingine isingeondoka, maana baadhi ya hawa wanaobeza hawataki kuulizwa kabisa, na mzaha ni njia rahisi ya kupita mbele ya swali bila kulitazama. Urusi haikuacha kuwapo kwa sababu jeshi la Ujerumani liliwahi kutumia ufagio. Nilimwambia mjukuu wako hivyo, naye akanijibu kwamba ni rahisi kwangu, mimi sina pasipoti yao. Ni kweli. Mimi pasipoti yangu ni ya Tanzania, na babu yako wewe aliwabebea Wajerumani hawahawa mizigo katika vita ya 1914 bila fomu wala swali la hamu. Yule aliyeuliza "Berlin bado kuna nafasi" ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuombwa na Mjerumani kwa barua.

Jumapili iliyopita alikaa na simu yake mezani akaijaza. Nilikuwa namenya viazi, nikajifanya sitazami. Urefu alijaza haraka. Uzito alikwenda kujipima, jambo lililonishangaza, kwani nilidhani angeandika namba yoyote kwa kejeli. Alipofika kwenye swali la hamu alisimama muda mrefu, kidole kikiwa juu ya kioo, akaandika, akatuma, akaja kunisaidia viazi. Sikumuuliza alichojibu, naye hakusema.

Ila jioni aliniuliza kama wewe ulitaka kwenda Makutupora au ulipelekwa. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Atakupigia Jumamosi saa kumi za huko, baada ya sala yako ya alasiri. Kiswahili chake unakijua, kwa hiyo nenda naye polepole, na tafadhali usianze na yale ya afande aliyeanguka kisimani. Mwambie na ile wiki ya maharage yenye wadudu, na yule mwenzenu aliyetoroka, na jinsi mlivyomsema aliporudishwa.

Msalimie sana Mama, Shangazi na majirani wote.

Mwanao