Barua kwa mpwa wangu anayepanga tarehe za Tamriel

Mpwa wangu,

Nimeliona jedwali lako la tarehe za Tamriel, bara la kubuni la gemu za kompyuta za Elder Scrolls. Kuiandika historia ya Elder Scrolls kwa Kiswahili, tangu gemu ya Arena ya mwaka 1994 hadi Skyrim ya 2011, ni kazi inayostahili kufanywa vizuri. Nakujibu hadharani kwa sababu wenzako mnaocheza pamoja wana swali hilohilo uliloniuliza: tarehe mbili zikigongana, ifutwe ipi?

Usifute hata moja. Kwanza tafuta zinagongana kwa nini. Nyingine zinapishana kwa sababu gemu moja ina mwaka wa siku 360 na nyingine wa siku 365. Nyingine ni mhusika tu amekadiria, au mwandishi wa ndani ya gemu ana upande anaoutetea. Na zipo zinazogongana kwa makusudi ya watunzi, ambao walisema wazi kwamba kuna vipindi ambapo wakati wenyewe ulivunjika. Kila aina ina dawa yake, na ukiipa moja dawa ya mwenzake unaharibu jedwali zima.

Tuanze na faili, maana uharibifu wa kwanza uko huko. Umeandika enzi na mwaka ndani ya kisanduku kimoja bila kuacha nafasi: 4E5, 4E201, 3E427. Excel ikiona 4E5 haisomi mwaka wa tano wa Enzi ya Nne. Inasoma 4 mara 10 kwa kipeo cha 5, inahifadhi 400,000 na kukuonyesha 4.00E+05. 4E201 nayo inageuzwa kuwa namba, kwa sababu bado iko ndani ya uwezo wa programu. 3E427 inapita kikomo, kwani Excel inaishia kwenye namba zenye kipeo cha 307, kwa hiyo inaachwa kama maandishi. Ndiyo maana safu yako ina namba na maandishi yaliyochanganyika, na ulipoipanga, namba zote zikatangulia: mlipuko wa Red Mountain wa 4E 5 ukakaa juu ya vita vya Enzi ya Kwanza. Kubadilisha muundo wa kisanduku sasa hakutarudisha ulichoandika. Itabidi uyaandike upya.

Tumia safu mbili. Safu A iwe namba ya enzi, 1 hadi 4, na 0 kwa Enzi ya Merethic iliyotangulia ya Kwanza, ambayo miaka yake inahesabiwa kurudi nyuma. Safu B iwe mwaka peke yake. Safu C iwe mwaka mfululizo, yaani hesabu moja isiyokatika kutoka enzi hadi enzi:

=IF(A2=0,-B2,CHOOSE(A2,0,2920,3816,4249)+B2)

Namba hizo zimetoka hapa: Enzi ya Kwanza iliishia mwaka 2920, ya Pili mwaka 896, ya Tatu mwaka 433. 2920 na 896 ni 3816. Ongeza 433 unapata 4249. Kwa hesabu hiyo Elder Scrolls Online, inayoanza 2E 582, iko mwaka 3502, na Skyrim ya 4E 201 iko 4450. Kati yao kuna miaka 948. Wewe ulikuwa umeandika "miaka elfu hivi", na kwa mazungumzo inatosha, lakini kwenye jedwali haitoshi.

Hata hiyo 948 ina shaka kidogo, nayo iandikwe. Enzi haibadiliki saa sita usiku wa kuamkia mwaka mpya. Inabadilika kwa tukio. Enzi ya Tatu ilifungwa na kukatika kwa ukoo wa kifalme wa Septim, Martin, mtu wake wa mwisho, alipokufa mwaka 433 akizuia uvamizi kutoka Oblivion, ulimwengu wa mashetani. Mwaka wa tukio kama hilo unaweza kuhesabiwa mara mbili, mara kama mwisho wa enzi na mara kama mwanzo wa nyingine, au enzi mpya ikaanza na sifuri badala ya moja. Enzi ya Kwanza yenyewe inaanza na mwaka 1E 0, nasaba ya Camoran ilipoasisiwa Valenwood. Kwa hiyo kila mpaka wa enzi unaouvuka, ongeza shaka ya mwaka mmoja. Kutoka 2E hadi 4E umevuka mipaka miwili: andika 948, kasoro au zaidi ya miaka 2.

Sasa kalenda. Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu watu wengi wanaopanga tarehe za Tamriel wanadhani kalenda ni moja tu kwa kuwa majina ya miezi ni yaleyale kumi na miwili, Morning Star hadi Evening Star. Majina ni yaleyale, ila urefu wa miezi sio. Katika Daggerfall ya 1996 kila mwezi una siku 30, mwaka una siku 360. Kuanzia Morrowind ya 2002 miezi inafuata urefu wa miezi yetu: Morning Star siku 31, Sun's Dawn 28, na kuendelea hadi 365, bila mwaka mrefu wenye siku ya nyongeza. Sisi watu wa pwani mwaka wa namna hii si mgeni kwetu: mwaka wa Nairuzi nao una siku 365 bila ya kuongezea, na ndiyo maana Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, haukai kwenye msimu mmoja karne hadi karne.

Chukua tarehe 30 Sun's Dawn. Mchezaji wa Daggerfall anaiishi: ni siku ya 60 ya mwaka. Katika Skyrim siku hiyo haipo kabisa, na siku ya 60 ni 1 First Seed. Kinyume chake, 31 Last Seed ipo Skyrim na haipo Daggerfall. Ukihamisha tarehe kwa kuhesabu namba ya siku, unazisukuma sikukuu zote. Witches Festival ni 13 Frostfall: kwenye kalenda ya 360 ni siku ya 283, kwenye ya 365 ni ya 286. Ukiihamisha kwa namba inaangukia 10 Frostfall, na hakuna mtu Tamriel anayeisherehekea siku hiyo. Kwa hiyo hamisha kwa jina la mwezi na tarehe, usihamishe kwa namba ya siku. Zinazobaki ni tarehe chache zisizo na mwenzake, yaani 29 na 30 Sun's Dawn na zile 31 za mwisho wa mwezi. Hizo ziache kama zilivyo, uandike "360" au "365" kwenye safu ya kalenda ili msomaji ajue zinatoka wapi.

Urefu wa mwaka unaleta tatizo la pili pale unapohesabu siku kati ya matukio mawili. Daggerfall inaanza 3E 405, na masimulizi ya gemu zilizofuata yanaiweka tamati yake 3E 417. Miaka 12 hiyo ni siku 4,320 kwa kalenda ya gemu yenyewe, na siku 4,380 kwa kalenda ya Morrowind. Tofauti ni siku 60, miezi miwili kamili. Kama unapanga safari ya mhusika wenu kwa siku, chagua kalenda moja mwanzoni mwa mchezo wenu na msibadilishe katikati.

Siku za wiki ziondoe kwenye jedwali kuu. Najua umezipenda, Sundas hadi Loredas, lakini haziwezi kuthibitisha kitu nje ya gemu moja. Tazama hesabu yenyewe: Skyrim inaanza Sundas, 17 Last Seed 4E 201. Gemu ya Oblivion inaanza 27 Last Seed 3E 433. Kati yake kuna miaka 201 kasoro siku kumi, yaani siku 73,355. Gawanya kwa 7, inabaki 2; rudi nyuma siku mbili kutoka Sundas, unapata Fredas. Lakini ukiutia ule mwaka mmoja wa shaka wa mpaka wa enzi, siku zinakuwa 73,720, baki ni 3, na siku inakuwa Turdas. Siku ya wiki ikipishana, basi, hujui kama kosa ni la tarehe au la mpaka. Iache ndani ya safu ya maoni.

Tarehe ya mchezaji mwenyewe nayo isiingie. Skyrim inaendesha saa yake kwa kasi ya 20, siku nzima ya Tamriel inakwisha kwa dakika 72 zetu, na hadithi kuu inakungoja hata ukilala miaka mitatu. Aliyemaliza 4E 204 kwenye faili lake amethibitisha kwamba alizunguka sana, basi. Weka tarehe ya kuanza kwa gemu, na tarehe ya mwisho pale tu gemu ya baadaye ilipoitaja.

Na saa: siku ya gemu inageuka saa sita usiku, ilhali siku ya Kiswahili inageuka jua likizama. Tukio la usiku liandike "usiku wa kuamkia tarehe fulani", vinginevyo nusu ya wasomaji wako watalisoma siku moja nyuma.

Twende kwa mashahidi. Ongeza safu ya maneno ya chanzo yalivyo, na safu ya aina ya chanzo: tarehe iliyoonyeshwa na gemu yenyewe, kitabu cha ndani ya gemu, au mhusika anayezungumza. Kisha safu mbili za mwaka mfululizo, wa mapema kabisa na wa mwisho kabisa. Mhusika wa Skyrim akisema machafuko ya Oblivion yalikuwa "miaka mia mbili iliyopita", huyo hapingani na 3E 433, amekata namba. Mpe nafasi ya miaka kumi kila upande, 4240 hadi 4260, na 4249 inaingia humo bila ugomvi. Anayetaja namba isiyokatwa mpe nafasi ya mwaka mmoja tu. Kaisari Uriel Septim VII anafungua gemu ya Oblivion kwa kusema alizaliwa miaka 87 iliyopita na ametawala miaka 65. Ondoa kwenye 433: alizaliwa 346, alitawazwa 368. Mwaka wa kutawazwa unakubaliana na orodha ya wafalme, na miaka kumi aliyofungiwa na mchawi wake Jagar Tharn, 389 hadi 399, imo ndani ya utawala wake. Shahidi wa namna hii ni msumari: mpigilie kwanza, wengine uwapime kwake.

Vita vya Red Mountain ni habari nyingine. Vyanzo vingine vinakupeleka 1E 668, vingine 1E 700, na wasimulizi hawakubaliani hata nani alimuua jemadari Nerevar. Umeweka 684, katikati. Hapana. Hakuna chanzo hata kimoja kinachosema 684; umezalisha tarehe ya tatu ya uongo. Weka mistari miwili yenye msimbo mmoja wa tukio, kila mmoja na chanzo chake, na mwaka wa mapema 668, wa mwisho 700.

Kisha wakati uliovunjika. Kipindi kiitwacho Middle Dawn kinaanza 1E 1200, pale kundi la kidini la Marukhati Selective walipojaribu kumtakasa Akatosh, joka la wakati, wamwondolee kila alama ya mungu wa jamii ya Elf. Kinaisha 1E 2208. Ni miaka 1,008 kwenye kalenda, na mashahidi wake wanasimulia mambo yasiyoweza kupangwa kwa mstari. Ndani ya gemu yupo hata msomi anayekanusha kwamba ilitokea, anadai miaka hiyo elfu ni makosa ya wanahistoria wa kale katika kupanga tarehe. Wote wawili waingie. Tukio lolote la humo lipewe 1200 hadi 2208, na usilipange mbele wala nyuma ya jingine. Muda wowote unaovuka kipindi hicho uite miaka ya kalenda: kutoka 1E 700 hadi Skyrim ni miaka ya kalenda 3,750, kasoro au zaidi ya 3, na usimhesabie mtu umri kwa namba hiyo.

Mwisho wa Daggerfall ndio umekusumbua zaidi, na kwa haki. Gemu ina miisho kadhaa, kulingana na unayemkabidhi kifaa cha kuiendesha Numidium, jitu la shaba la vita: mfalme wa Orsinium, Sentinel, Wayrest, Daggerfall, mchawi Mannimarco, yule aitwaye Underking, au watu wa Kaisari. Gemu zilizofuata hazikuchagua. Zilisema yote yalitokea pamoja, 10 Frostfall 3E 417, na dola ndogo 44 za Iliac Bay zikabaki nne. Wewe umeyapanga kwa herufi a, b, c, na msomaji ataona mfuatano. Andika mstari mmoja wa tukio, mwaka mfululizo 4233, kisha matokeo yote chini yake kwa msimbo huohuo bila namba za mpangilio.

Usiige hapa wanachofanya wapenzi wa Zelda. Mwaka 2011 Nintendo ilitoa mpangilio rasmi unaogawanyika matawi matatu baada ya Ocarina of Time, na matawi hayo hayaungani tena, kwa hiyo safu tatu tofauti zinawafaa. Tamriel inavunjika kisha inaungana, na baada ya tarehe 11 Frostfall kuna historia moja tu.

Ukirudi kwenye faili, jaza Enzi ya Tatu kwanza, kuanzia 368. Huko misumari ni mingi, na ukifika 433 utakuwa umeshazoea kuandika miaka miwili kwa kila tukio kabla ya kuingia Enzi ya Kwanza, ambako utaihitaji kila mstari. Ukikwama kwenye Interregnum, kipindi kisicho na Kaisari, cha 2E 430 hadi 854, niandikie.

Mjomba wako