Mume wangu aliulizwa goti

Mhariri,

Nimekusoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Taarifa yako ya juzi kuhusu kiwewe imenishinda.

Mwandishi wako anasema wanawake huugua mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ule ugonjwa wa ndoto mbaya na kushtuka unaobaki baada ya tukio la kutisha, karibu mara mbili ya wanaume. Ni kweli. Kisha anahitimisha kwamba ni maumbile, mioyo yetu laini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1995 ulikuta ugonjwa huo kwa asilimia 10.4 ya wanawake na 5 ya wanaume, ingawa wanaume ndio waliopitia matukio ya kutisha kwa wingi zaidi. Sehemu ya tofauti ni tukio lenyewe: ubakaji huacha jeraha kuliko karibu jambo lolote, na wanaobakwa zaidi ni wanawake. Na katika utafiti huohuo, kati ya waliotaja ubakaji kuwa tukio lililowaumiza kuliko yote, wanaume waliougua walikuwa asilimia 65, wanawake 46. Huo ulaini ulihamia wapi? Sikatai, hata tukio likiwa la aina moja pengo haliishi lote, na homoni huenda zina mkono wake. Lakini kuna pengo jingine, la nani anaulizwa.

Mimi na mume wangu tulipata ajali, gari moja, usiku mmoja. Mimi nililia, yeye akanyamaza. Kliniki nikaulizwa usingizi, ndoto, woga, hamu ya kula, kurasa mbili nzima. Yeye akaulizwa goti. Goti, Mhariri! Mimi baada ya miezi minne nilikuwa nalala fofofo. Yeye huu ni mwaka wa sita anashtuka saa tisa usiku akipiga kelele, haingii kwenye gari asipokunywa kwanza, na hasira zake watoto wanazijua kwa mlio wa viatu mlangoni. Kwenye daftari la kliniki ile mgonjwa ni mimi. Yeye ni goti lililopona.

Halafu ile picha! Kila mkiandika habari za akili, mama yuleyule dirishani, kashika kichwa. Mpeni likizo, amechoka.

Mwandishi wako namkaribisha wiki moja alale kwenye korido yetu. Aje na mto wake na daftari, na ifikapo saa tisa aandike ni nani aliye laini.

Msomaji wako wa siku nyingi