Kabla hujanunua hizo kucha za kubebea hei

Nachingwea,
mwishoni mwa Aprili

Mama Zuhura, shoga yangu,

Salaam nyingi za huku. Sisi wazima, mvua zinaanza kukatika, na majani yamepanda mpaka ndama wakiingia huwaoni. Ile video mliyotuma, ya trekta linalobeba marobota ya hei, yaani majani makavu ya mifugo, kwa kucha za chuma ambazo Baba Zuhura anataka kununua, nimeiona. Mwanangu amenikatalia simu, kila saa anairudia, maana huyo na matrekta hawaachani.

Mwambie Baba Zuhura kwamba kazi ni safi kweli. Kile kifaa kinachokokotwa nyuma ya mashine ya kufungia hukusanya marobota 8 au 10 na kuyapanga, kisha trekta lenye mikono ya mbele linakuja na zile kucha, linayanyakua yote kwa mkupuo mmoja. Ila kucha hizo zinataka marobota yaliyobanwa na mashine, yote ya kimo kimoja, kwenye shamba lililo tambarare. Ninyi mnafunga kwa kushindilia majani kwenye kasha la mbao, la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, na shamba lenu la Nanyamba lina visiki vya mikorosho kila kona. Na trekta lenyewe liko wapi?

Mimi ningewaomba mhesabu kwanza kila robota linanyanyuliwa mara ngapi. Linatoka lilipofungwa kwenda kwenye lundo, lundo kwenda garini, gari kwenda mlangoni, mlango kwenda juu ya mpangilio ghalani, kisha siku ya kulisha linashushwa tena. Robota la kasha lina kilo 15 hadi 20, tuseme 18. Marobota 200 ni tani 3.6 tu za majani, lakini ukiyanyanyua mara tano, tani 18 zimepita kwenye migongo ya watu. Hapo ndipo pesa yenu iende, kwenye kupunguza huko kunyanyua.

Njia rahisi kuliko zote haina injini. Kasha lihamieni ninyi, msingoje marobota yahame. Majani yakikauka yaburuteni kwa turubai hadi pale gari litakaposimama, mfungie hapo hapo, robota likitoka kwenye kasha lipande garini moja kwa moja. Lundo la katikati ya shamba limekufa.

Gari sasa. Hei ni nyepesi lakini inajaa upesi, kwa hiyo msinunue nguvu, nunueni uwanja. Toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, yenye bodi ya mita 1.8 kwa 1.25 inaingiza marobota manne kwa safu moja. Safu nne ni marobota 16, hata kilo 300 hazifiki. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kinabeba zaidi, lakini kimo chake kinachosha mabega. Ningekuwa mimi ningechukua toyo, fundi aongeze vizuizi vya mirunda pembeni, na safu zipangwe kwa kupishana kama tofali, kamba ipite juu. Power tila, yaani trekta dogo la kushika kwa mikono, na tela lake ni nzuri ndani ya shamba, ila kutoka Nanyamba hadi ghalani kwenu Naliendele mtalala njiani.

Halafu mlango wa ghala. Toyo ikiweza kuingia kinyumenyume hadi ndani, mmefuta unyanyuaji mwingine. Kupanua mlango ni bei rahisi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Fundi chuma awachongee kulabu mbili za nondo zenye mpini wa mbao. Kushika kamba kwa vidole siku nzima ni kujitafutia malengelenge. Na kamba iwe ya katani. Ile ya plastiki ng'ombe akiimeza, hasagi wala hatoi. Katani nayo haipendi unyevu, kwa hiyo safu ya chini ilazeni kwa ubavu ili kamba isiguse chini, juu ya miti iliyotandikwa. Ninyi mko karibu na bahari, sakafu yenu hutoa jasho. Siku chache baada ya kupanga, ingiza mkono katikati ya robota: ukisikia joto, yatoeni yapoe. Hei iliyofungwa mbichi huvunda, na ikizidi huweza kujiwasha yenyewe.

Baba Zuhura akiendelea kutamani mitambo, mleteni huku. Wazee walitusimulia mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa, 1947 hadi 1951, matrekta kila upande na reli ya kwenda pwani. Atafute hiyo reli ilipo leo.

Msichelewe kuamua. Ikifika Septemba toyo zote zinabeba korosho na vijana wote wako mikoroshoni, hamtapata hata wa kuwashikia kamba. Nipimie upana wa mlango unitumie, nina mtu wa kuwatengenezea vizuizi na kulabu kwa pamoja. Zuhura mbusu.

Shoga yako,
Mama Hamisi