Barua kwa Sekela: skripti ikishabadilishwa

Uyole, Mbeya
Julai

Mpendwa Sekela,

Ugonile? Huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Naandika nimejifunga vitenge viwili, jiko la mkaa liko miguuni. Iringa najua nanyi mnatetemeka.

Hongera kwa kupewa ile tamthilia kuanzia episodi ya 41. Ila malalamiko yako, kwamba unakabidhi skripti Jumatatu na Alhamisi unaikuta imegeuzwa nusu, yazoee mapema. Tamthilia ndefu haiwi ya mkono mmoja. Coronation Street ya Uingereza iko hewani tangu 1960, na kule hadithi hupangwa vikaoni, muhtasari ukaandikwa, ndipo waandishi wakagawiwa episodi. Mhariri wa skripti naye anapitia rasimu. Zile za mchana za Marekani ndiyo zaidi: mwandishi mkuu anaweka njia, wengine wanaigawa episodi onyesho kwa onyesho, yaani sini kwa sini, wengine wanatia mazungumzo. Anayetaka sentensi zake zisiguswe aandike mashairi (na huko nako wahariri wapo).

Mimi ningeuliza swali jingine: toleo la mwisho linashikwa na nani? Hapo ndipo tunapoumia. Muongozaji anabadilisha kwa simu, prodyuza anatuma sauti WhatsApp saa tano usiku, mwigizaji anafika lokesheni na karatasi za wiki iliyopita.

Marekani wana utaratibu wa rangi, na naupenda sana. Skripti ikishapitishwa kwa ajili ya shutingi iko kwenye karatasi nyeupe, na namba za sini zinafungwa, yaani hazipangwi upya tena. Mabadiliko ya kwanza yanachapwa kwenye karatasi za bluu, kwa kawaida yanafuata waridi, njano, kijani, na kuendelea. Wanachapa zile kurasa zilizoguswa tu, na pembeni ya mstari uliobadilika wanaweka kinyota. Sini mpya ikiingia kati ya 12 na 13 inaitwa 12A. Ikifutwa, namba yake inabaki pale pale na neno "imeondolewa".

Kwa nini wang'ang'anie namba? Mwaka jana kikundi kimoja nilichokuwa nakisaidia kilikuwa kinashuti kwenye nyumba moja Isyesye, sini za episodi tatu kwa siku moja, maana nyumba ni ya kukodi. Usiku wake mtu aliongeza sini moja, akazipanga namba upya zote. Mtu wa mavazi hakupata habari. Asubuhi mke akatoka chumbani na nguo nyeusi za eda, wakati mumewe kwenye hadithi hajaugua hata mafua. Mwigizaji wa huyo mume alikuwa kibarazani anakula maandazi. Akamtazama, akauliza, "Kumbe nimeshakufa?" Tulicheka, lakini saa mbili za mwanga zilikwenda.

Jambo zito kuliko namba, Sekela, ni siri. Mwigizaji akiugua au akagoma sababu ya malipo, utaambiwa, "Maneno yake mpe jirani." Usikubali haraka. Jirani anajua kwamba mtoto si wa Baba Neema? Alijulia wapi, episodi ya ngapi? Mimi nina daftari la kaunta: kila siri ina ukurasa wake, na chini naandika nani amejua na sini gani. Muongozaji akitaka kuhamisha maneno, nafungua daftari kwanza. Mara nyingi inabidi kumwandikia huyo jirani sini fupi ya kusikia kitu dirishani, au maneno yapunguzwe mpaka yabaki yale anayoweza kuyasema kwa haki. Watazamaji wa huku wana kumbukumbu kuliko sisi. Mama mmoja pale Mwanjelwa aliwahi kunisuta mbele ya mafungu ya nyanya kwa kosa la namna hiyo, na wala halikuwa langu.

Malipo: kabla hujasaini, andikeni ni kuandika upya mara ngapi kumo kwenye bei. Chama cha waandishi cha Marekani kina viwango vyake kwa kuandika upya, na vingine kwa kupiga msasa. Wewe huna chama cha hivyo nyuma yako, kwa hiyo mkataba useme.

Karatasi za rangi ni gharama, usijitese. Sisi tunachapa nyeupe, tunapiga mstari wa kalamu ya rangi kwenye kona, na toleo la zamani linakusanywa mkononi kwa mtu kabla hajapewa jipya.

Nitumie episodi ya 41 kama bado haijafungwa. Kwenye muhtasari ulionitumia nimeona shangazi anamfokea Rehema kuhusu shamba, na sioni ni lini aliambiwa kwamba limeuzwa.

Msalimie mama na watoto.

Wako,
Tumpe