Salamu za Pongal na Siku ya Thiruvalluvar

Ndugu zangu Watanzania mlioko Chennai nchini India, wagonjwa, mnaouguza na wanafunzi, pamoja na majirani zetu wa mtaa wa Mylapore, nawatakia heri ya Pongal, sikukuu ya mavuno ya Watamil, na ya Siku ya Thiruvalluvar, mshairi wao wa kale. Mwenyezi Mungu awajaalie afya na riziki, na vyungu vyenu vifurike.

Mwaka uliopita ulikuwa mzito. Mchele, sukari guru na kodi za vyumba vimepanda, na wapo wenzetu waliorudi nyumbani kabla ya matibabu kwisha kwa kuishiwa fedha.

Mimi nimempoteza mama. Pongal iliyopita tulikuwa naye katika chumba cha kupanga, jirani na hekalu la Thiruvalluvar, pale ambapo wenyeji huamini kuwa mshairi huyo alizaliwa. Mama alikuwa na siku mbili hajatia kitu kinywani. Asubuhi ile jirani yetu, ambaye sote tulimwita Amma, alibisha hodi akiwa na bakuli la pongal ya moto, wali wenye jina la sikukuu yenyewe, samli ikielea juu. Mama alikula vijiko vitatu, kisha akaokota punje moja iliyomdondokea kwenye kanga, akaila. Amma alitabasamu, akamtaja Vasuki, mke wa Thiruvalluvar, na kutuonyesha kwa vidole ile sindano na kikombe cha maji ambavyo, kwa masimulizi ya wenyeji, Vasuki alimwekea mumewe kila mlo ili punje ikidondoka aiokote, aioshe na kuila. Tulimzika mama Tanga mwezi wa nane.

Miongoni mwa beti 1,330 za Tirukkural, kitabu cha Thiruvalluvar, umo usemao kwamba msaada uliotolewa kwa wakati wake, hata ukiwa mdogo, ni mkubwa kuliko dunia. Nasi tulilelewa tukiambiwa kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi ndugu zangu, tusingoje mpaka tushibe ndipo tukumbuke wenye njaa, wala tusikae vikao vitatu kujadili mchango ilhali mgonjwa aliye peke yake wodini anahitaji uji leo hii. Tusimuulize mtu dini yake wala kwao kabla ya kumpa mkono, maana Amma hakutuuliza. Kijana mwenye nguvu akamsindikize mzee kwa daktari, na aliyejifunza Kitamil akamsemee asiyekijua.

Nawatakia tena sikukuu njema, yenye amani na baraka. Bakuli la Amma limebaki kwangu tangu siku ile. Kesho nitamrudishia, likiwa limejaa mchele wa Kyela niliokuja nao kutoka nyumbani.